Dirisha la Chumba cha Mzazi

Juzi niliingia katika chumba cha mjukuu wangu Neema, pale kata ya Sokon I, nikakutana na harufu ya mkaa. Sisemi moshi. Moshi hata mtoto anaujua na kuukimbia. Nasema ile harufu kavu, tamu kidogo, ya mkaa ulioshika ukawa mwekundu wote, harufu ambayo haichomi macho wala haimkohoshi mtu. Neema amejifungua mtoto wa kiume. Baridi ya mwezi wa saba imeshuka, mlima haujaonekana tangu Jumapili, na mama mkwe wake, mwanamke mwema wa Kilimanjaro anayeuza vitambaa mjini, alikuwa amempikia mtori wa ndizi na nyama, kisha akaingiza jiko lenyewe mpaka kando ya kitanda ili mzazi na mtoto wapate joto. Mlango ulikuwa umefungwa, na chini yake kumewekwa taulo.

Niliitikia shikamoo zao nikiwa nimekwisha fika dirishani. Nililifungua lote, pazia likapeperuka ndani.

“Bibi, mtoto atapata nimonia,” mama mkwe alisema kwa upole, akamfunika mtoto kichwa.

Nikamwambia jiko litoke kwanza, nimonia tutaizungumza baadaye. Neema akacheka kitandani, sauti yake bado chovu.

“Mama, hapo umeshindwa. Huyo ndiye Bibi Dirisha.”

Ndivyo wajukuu wanavyoniita wakidhani sisikii. Wamekua wakiniona nikifungua madirisha ya watu, kwenye misiba, kwenye vyumba vya wagonjwa, hata kwenye nyumba za wageni ambako sikuulizwa. Wanadhani ni tabia ya uzee. Sijawahi kuwaeleza, na ninawaandikia kwanza ninyi wa rika langu, kwa sababu ninyi mlilala karibu na moto mkiwa wadogo na mnajua mambo mengine hayahitaji maelezo marefu.

Sisi tulikulia upande wa Oldonyo Sambu, mlima ukiwa nyuma yetu na mbele yetu tambarare kavu. Upepo wa kule unajulikana. Unaanza asubuhi na mavumbi, na ikifika majira ya baridi unaleta manyunyu membamba yasiyoloanisha shamba lakini yanayoingia mpaka kwenye mifupa. Nyumba ya bibi yetu ilikuwa ya duara, ya udongo na samadi, imeezekwa kwa nyasi. Tulimwita Koko, kama wanavyoitwa mabibi kwetu. Moto wake ulikaa katikati ya nyumba na haukuzimwa. Moshi ulipanda, ukazunguka chini ya paa, ukatoboa nyasi taratibu na kwenda zake, hata ukiwa mbali ungedhani nyumba yote inafuka kama chungu. Ndani tulitokwa machozi na kukohoa. Baba yangu alizaliwa humo, na ndugu zake wote, na kila mzazi alifungiwa humo na moto mpaka nguvu zimrudie, na hakuna aliyedhurika.

Koko alibatizwa akiwa mtu mzima, na aliichukua imani kama alivyochukua kila kazi, bila kelele na bila kuiacha njiani. Alinuka mafuta ya kondoo na ugoro. Alinifundisha kusali kabla sijajua kusoma, na alikuwa na jambo lake moja: kabla ya kusema Amina, uvute pumzi moja ndefu, uiachie yote, ndipo useme. Nilimuuliza kwa nini. Akasema pumzi si yetu, tumeazimwa, kwa hiyo tuonyeshe kwamba tunajua kuirudisha. Nimefundisha watoto wa shule ya Jumapili kwa miaka mingi tangu siku hizo, na sijapata somo la kulizidi hilo.

Baba yangu alikuwa dereva mjini na alikuja nyumbani siku za Jumamosi. Ndiye aliyejenga nyumba mpya, ya kwanza pale kwetu kuwa na kuta za saruji, bati, dari ya mbao, na dirisha la kioo katika chumba cha kulala. Kioo hicho kilipachikwa moja kwa moja kwenye fremu, hakikufunguka. Baba alikigonga kwa kidole mbele ya wageni akasema hii ndiyo nyumba isiyopitisha upepo. Watu walikuja kujitazama humo. Mimi pia nilijitazama.

Mama alipokaribia kujifungua mdogo wangu Eliakimu, iliamuliwa akae katika nyumba mpya. Kliniki walikuwa wamesema moshi ni mbaya kwa macho na kifua cha mtoto, na Koko alikubali, maana hakuwa mtu wa kubishana na jambo la maana. Mama alijifungua salama. Baba akanunua gunia la mkaa na jiko, na Koko akahamia chumbani na mzazi, kama ilivyokuwa wajibu wake. Nakumbuka alivyochuchumaa mbele ya lile jiko siku ya kwanza, akiligeuza na kulitazama kama mtu anayenunua mbuzi. Alisubiri moshi. Moshi haukuja.

“Huu ni moto wa watu wasafi,” alisema, akafurahi.

Kisha akafanya kama alivyofanya kwa kila mzazi wa familia yetu. Alitafuta kila tundu ambalo baridi ingepitia na kuliziba. Alichana blanketi kuukuu akasokota vipande vyake, akavisukuma kwa kijiti pale ukuta unapokutana na dari, na kingine kirefu akakilaza chini ya mlango. Katika nyumba ya nyasi ungeweza kuziba kutwa nzima na bado nyumba ingehema yenyewe. Hii ya saruji ilitii. Alipomaliza, ndani hapakuingia hata uzi wa upepo, na alimwonyesha mama kwa kuinua shuka mbele ya ukuta: halikutikisika.

Siku ya kondoo wa mzazi, yule anayeliwa kumpa nguvu mama aliyejifungua, aliyemtengeneza ni baba mdogo Anaeli, mdogo wake baba, aliyekaa nyumbani na kuangalia mifugo. Kondoo wa shughuli ya nyumbani kwetu hakukatwa kisu. Alilazwa chini kwa heshima, watu wakamshika miguu, na baba mdogo akamziba pua na mdomo kwa viganja vyake mpaka akatulia. Sikuogopa. Nilitazama ile mikono. Nilielewa, kwa akili ya mtoto, kwamba pumzi ya kondoo ilitoka ikaingia mikononi mwa baba mdogo, na sasa anayo yeye.

Halafu akatoa mapafu. Yalikuwa ya rangi ya waridi iliyofifia, yamenywea kama kitambaa kilicholowa. Watoto tulikuwa tumemzunguka, naye alipenda kutuchekesha. Aliweka koromeo la kondoo mdomoni akapuliza. Mapafu yakaamka. Yakajaa, yakang'aa, yakawa makubwa kuliko nilivyodhani yangeweza kukaa ndani ya mnyama yule, meupe kwa mekundu, na juu yake mishipa myembamba kama mizizi. Alipoondoa mdomo yakashuka kwa sauti ndogo, sawa na ya mtu aliyechoka akikaa.

“Tena,” nilisema.

Akapuliza tena. Nikageuka kumtazama kondoo, kichwa chake kilikuwa kimelazwa juu ya majani, nikisubiri afumbue macho. Baba mdogo akaniona. “Unamsubiri nani?” aliniuliza, wakubwa wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote. Mimi nikabaki na hakika kwamba amepuliza kidogo mno.

Siku zilizofuata mvua za manyunyu hazikukatika. Watoto hatukuruhusiwa kuingia chumbani, tusilete baridi. Nilisimama nje kwenye dirisha. Kioo kilikuwa kinatoka jasho kwa ndani, matone yanateremka, na Koko alipokuja karibu alionekana kama mtu aliye chini ya maji. Aliweka kidole akachora uso wa mtu, macho na mdomo, kwa ajili yangu. Nilimwuliza kwa sauti hayo maji yametoka wapi. Akaweka mdomo kwenye kioo ili nimsikie.

“Ni pumzi zetu. Zangu na za mama yako na za mtoto.”

Nilifurahi sana. Nilifikiri humo ndani pumzi zimekuwa nyingi hadi zinamwagika, na kwamba watu watatu wa kwetu wana akiba ya kutosha. Mimi pia nilihema kwenye kioo kwa upande wangu, pakafanya ukungu, tukawa tumekutana hapo, uso wake na uso wangu, na ule uso aliouchora katikati.

Kesho yake, kabla ya mchana, mama alitoka kwenda chooni. Nilikuwa nachambua maharage barazani na jirani yetu, mama mmoja wa rika la mama yangu. Tulimwona mama akivuka ua, akashika ukuta, kisha magoti yakamwachia akaanguka. Jirani alimkimbilia, nami nikamfuata. Mama alisema kichwa, kichwa, na ulimi wake ulikuwa mzito. Jirani akasema ni udhaifu wa uzazi, damu imepungua, akaniambia nilete maji. Tukamketisha barazani, tukampepea, tukamnywesha. Alianza kupata nafuu. Leo najua ni kwa nini, ni kwa sababu alikuwa nje. Lakini wakati ule tulidhani ni maji.

Baba mdogo akafika na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Akautua, akamtazama shemeji yake, akatutazama sisi. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria.

“Mama yuko wapi?”

Alimaanisha Koko, mama yake mzazi. Katika nyumba ile kikombe kisingedondoka bila Koko kutokea mlangoni kuuliza. Mkwewe ameanguka uani, watu wamepiga kelele, na yeye hajatoka.

Baba mdogo aliingia ndani. Mama alijaribu kunyanyuka, jirani akamshika, mimi nikaambiwa nimshike mkono nisimwachie. Tulisikia mlango wa chumba ukisukumwa. Tukasikia kioo kikivunjika, kwanza mara moja, kisha vipande vikidondoka. Kisha kimya. Kilikuwa kimya kirefu. Mama aliniminya vidole mpaka vikauma.

Baba mdogo alipotoka alikuwa na Eliakimu mkononi, amelegea, mkono mmoja unaning'inia. Alipiga magoti uani kwenye manyunyu. Akamfunika mtoto pua na mdomo kwa mdomo wake mwenyewe, kama nilivyomwona akimfanyia ndama aliyezaliwa hajahema, akapuliza kidogo, kidogo sana, kama mtu anayepuliza manyoya. Kifua cha mtoto kikapanda kikashuka. Akapuliza tena. Na tena. Mama hakulia. Hakuna aliyelia. Mara mtoto akatoa sauti nyembamba ya paka, akanyamaza, akaitoa tena, safari hii kwa hasira.

Baba mdogo akamweka mapajani mwa mama. Akarudi ndani, akatoka amembeba Koko kwa mikono yote miwili, akamlaza kwenye ngozi ya ng'ombe barazani. Midomo yake ilikuwa myekundu. Yeye ambaye midomo yake ilikuwa ya kijivu miaka yote kwa baridi na ugoro, sasa ilikuwa myekundu kama ya msichana. Jirani alisema taratibu, “Mbona amependeza.” Hata kucha zake zilikuwa nzuri. Hakuwa mtu aliyekufa, kwa macho yangu. Alikuwa mtu anayesubiri kupulizwa.

Nikamvuta baba mdogo koti. “Baba mdogo, na Koko?”

Alivua lile koti, akamfunika.

Swali langu lilibaki hapo, na nilikua nalo. Watu wazima walikuwa na maswali yao. Wapo walionong'ona kwamba nyumba ya saruji ilitaka kichwa cha mtu. Mchungaji alipokuja aliwakanya, akasema ni hewa ya mkaa, Koko amelala, tumshukuru Mungu kwa mzazi na mtoto. Tukashukuru. Baba hakuweka kioo kingine. Dirisha lilibaki wazi, upepo ukiingia na kutoka, na jioni nilipopita pale niliona uso wa matone mahali pasipokuwa na kioo. Nilikuwa nikipita mbio.

Mimi nilikuwa nimepiga hesabu zangu. Baba mdogo alichukua pumzi ya kondoo kwa mikono yake. Akaitumia kutuchekesha, na mimi nikamwambia tena. Iliyobaki ikatosha mtoto. Ndiyo maana Koko hakupulizwa: iliisha. Kwa hiyo nikaanza kuweka akiba. Kanisani, wengine wakisali, nilibana pumzi mpaka masikio yakavuma, nikidhani ninamlimbikizia mtu, sijui nani, atakayeihitaji. Jumapili moja nikaanguka chini ya benchi. Mama alinipeleka nje, akanilaza kwenye majani, akaniuliza nina nini. Nikasema nasikia baridi.

Na baba mdogo nikamkwepa. Alipoinama kupuliza moto nilitoka jikoni. Aliponiita kutazama ndama mpya nilisema nina kazi. Alikuwa mtu wa utani, nami nilikuwa kipenzi chake katika watoto wote, na aliona. Hakuniuliza. Akaacha kuniita.

Nilipofika madarasa ya juu, mwalimu wetu wa sayansi alichora mapafu ubaoni. Nilijua yalivyo kabla hajamaliza, nikasikia harufu ya majani yaliyolowa. Alisema ndani yake kuna vifuko vidogo visivyohesabika, na ukuta wa kila kimoja ni mwembamba kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu. Upande huu hewa, upande ule damu. Hazigusani, lakini zinapeana. Damu inapokea oksijeni na inarudisha kabonidayoksaidi, na mvuke wa maji unatoka pamoja nayo. Akatuambia tuweke mkono mbele ya mdomo na kuhema. “Hewa mnayotoa,” alisema, “si ile mliyoingiza.” Mtu mmoja akauliza kuhusu mkaa, maana kila mtu kule alikuwa na msiba wa aina hiyo kwa jirani. Mwalimu akasema mkaa ukiungua mahali palipozibwa hutoa hewa isiyoonekana wala kunuka, inayokaa katika damu kwenye nafasi ya oksijeni na kung'ang'ania. Mapafu yanaendelea kufanya kazi, mtu anahema, kifua kinapanda na kushuka, ila damu imekwisha kujaa na haina pa kupokelea. Na damu hiyo huwa nyekundu sana, akasema, nyekundu ya kupendeza.

Nilitoka darasani bila ruhusa, nikasimama nyuma ya jengo. Nilikuwa nimejibiwa kuhusu midomo. Kuhusu baba mdogo sikuwa nimejibiwa, na sasa lilikuwa limezidi, kwa kuwa nilijua pumzi yake haikuwa imeisha. Alikuwa nayo. Basi kwa nini hakumpa mama yake?

Nilikaa na hilo nikiolewa, nikizaa, nikifundisha watoto wa watu. Nilimsalimia baba mdogo kwenye harusi na misiba, shikamoo, marahaba, habari za mifugo, na tukaishia hapo. Mungu ni mvumilivu kuliko sisi. Alimpa yule mzee maisha marefu, nadhani ili mimi nichelewe ninavyotaka na bado nimkute.

Nilimkuta hospitali mjini, kifua chake kimechoka kwa umri na moshi wa maisha yote, mpira wa oksijeni umepita puani. Eliakimu ndiye aliyekuwa akimuuguza, mwanamume mwenye mvi, na siku hiyo alikuwa ametoka kutafuta chai. Nilifungua dirisha. Baba mdogo akatabasamu.

“Bado unaogopa hewa,” alisema.

Nikavuta kiti. Nikamwuliza, kwa Kimaasai cha nyumbani, kama nilivyomwuliza nikiwa mdogo. Baba mdogo, na Koko?

Aliusogeza mpira wa puani. Mashine ilikuwa ikibubujika maji kando ya kitanda.

“Nilianza na yeye,” alisema. “Wewe ulikuwa nje na mama yako. Mtoto alikuwa mapajani mwa mama yangu, nikamtoa nikamweka chini, nikampuliza mama. Nilimpuliza sana. Kifua kilipanda. Nilifurahi, nikadhani anarudi.” Akapumzika. “Unakumbuka mapafu ya kondoo?”

Nikasema nakumbuka.

“Ilikuwa hivyo. Pumzi ilikuwa inaingia, inatoka kama ilivyoingia. Ilirudi ikiwa yangu. Nikiwa hapo ninapuliza, nikamwona mtoto sakafuni. Nikamwacha mama.” Akafumba macho. “Mtoto nilipompuliza, ya tatu ilirudi ikiwa yake. Niliijua usoni kwangu. Haikuwa yangu tena.”

Aliongeza kwamba siku ile nilipomvuta koti alitaka kuniambia, ila hakuwa na hewa. Na baadaye aliona ninamkimbia, akafikiri mimi mtoto nimeona kweli: yeye amemwacha mama yake. Hakuona la kunisahihisha.

Nilimshika mkono. Ni ule mkono uliomziba kondoo, umebaki mifupa. Nilifanya kama Koko alivyonifundisha, nikavuta pumzi moja ndefu nikaiachia yote, naye akajaribu kufanya hivyo hivyo, akakohoa, tukasema Amina pamoja kabla ya sala yenyewe. Eliakimu akaingia na chupa ya chai, akatukuta tunafuta macho, akauliza kama daktari amesema jambo baya. Baba mdogo akamwambia aje karibu. Akamwekea kiganja mbele ya pua, akakaa hivyo, na mtu mzima mwenye mvi akasimama ameinama, chupa mkononi, asielewe.

Tulimzika kabla ya mvua za masika, kando ya Koko.

Basi juzi, jiko lilipotolewa nje, mama mkwe wa Neema aliniletea bakuli la mtori, maana ni mtu asiyeweka kinyongo. Nilimwomba mtoto. Nilikaa naye karibu na dirisha, nimemfunika vizuri, kichwa tu kiko wazi. Alikuwa amelala. Niliweka shavu langu chini ya pua yake nikangoja, na ikaja, vuguvugu, yenye unyevu kidogo, ikaacha kitu kama umande kwenye ngozi yangu ya kizee.

“Bibi,” mama mkwe alisema, “sasa hilo dirisha tulifunge lini?”

Nikamwambia asubiri kidogo.